Bibi aliyetakiwa kuachiwa mtoto alikwenda naye Japani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba wazazi wanaokwenda Japani wakiwa na mtoto mchanga wafanye hisani ya kumwacha mtoto huyo kwa bibi yake, kwa sababu nchi ile ina msongamano, ina gharama, na watu wake hawavumilii kilio. Mimi ni mmoja wa hao bibi wanaosemwa: mkunga mstaafu, mkazi wa Tanga, niliyezoea kuachiwa wajukuu bila hata kuulizwa kama nina safari. Oktoba mwaka jana mkwe wangu, ambaye anasomea uhandisi mjini Tokyo, alimwita mkewe pamoja na mtoto wao wa miezi 7, na binti yangu akakataa katakata kusafiri bila mimi. Tulikaa Japani siku 23, tukalala Tokyo, Kyoto, Nara na katika mji mdogo wa milimani wenye chemchemi za maji moto, na mjukuu wangu akarudi nyumbani na meno mawili ambayo hakwenda nayo.

Suala la gharama halina maneno mengi. Mtoto aliye chini ya miaka 6, maadamu anapakatwa, halipi nauli ya treni nchini Japani, ziwe treni za mjini au ile treni ya kasi iitwayo shinkansen. Tiketi ya mtu mzima kutoka Tokyo hadi Kyoto ni takriban yeni 14,000, na mjukuu wangu alisafiri bure mapajani mwangu. Nepi zinapatikana katika kila duka kubwa la dawa na zimepangwa kwa uzito, kwa hiyo anayejua kilo za mtoto wake hahitaji kujua kusoma Kijapani, wala hana sababu ya kujaza sanduku zima nepi kutoka nyumbani kama tulivyofanya sisi. Hati ndizo zisizojali umri: kichanga naye anadaiwa pasipoti yake, viza yake, na picha ya kuangalia mbele bila kucheka, jambo ambalo lilimchukua mpiga picha wetu saa nzima na pakiti mbili za biskuti, ambazo alizila mwenyewe.

Kitu ambacho hakuna aliyetuonya ni saa. Japani imetutangulia kwa saa 6, kwa hiyo inapofika saa nane za usiku mjini Tokyo, kwa tumbo na macho ya mtoto wa Tanga ni saa mbili tu za usiku, baba amerudi, taa zinawaka na michezo ndiyo imepamba moto. Usiku nne mfululizo mjukuu wangu aliamka saa hiyo akiwa na furaha isiyo na mfano. Hoteli tuliyofikia ilikuwa na vyumba vyembamba kiasi kwamba sanduku moja likifunguliwa, mlango haufunguki, na kuta zake zilipitisha hata kikohozi cha jirani. Niliona heri nimfunge mbeleko mgongoni nishuke naye barabarani. Wale wanaoifahamu Tokyo watajua kwamba kila baada ya hatua chache kuna mashine ya kuuzia vinywaji, imesimama peke yake usiku kucha huku ikiwaka kama duka la harusi. Vinywaji vya baridi vina alama ya buluu na vya moto vina alama nyekundu. Mtoto alizishangaa taa zile hadi akasinzia, nami nilijinunulia kopo la chai ya moto nikalishika kwa mikono miwili, kwa kuwa baridi ilishaanza. Mwanamke wa umri wangu, peke yake, saa tisa za usiku, katika mji asioujua, wala sikupata hofu. Usiku wa tano mtoto alilala hadi alfajiri.

Sasa nije kwenye kigari. Msomaji yule aliandika kwamba treni za Japani hazifai kwa kigari cha mtoto, na hapo kwa nusu ya maneno yake namuunga mkono. Kwa sheria na taratibu hakuna tatizo: Machi 2014 chombo kilichoitishwa na wizara inayosimamia uchukuzi kilikubaliana kwamba mzazi halazimiki kukunja kigari ndani ya treni au basi, na tangu hapo alama ya kigari imebandikwa kwenye mabehewa na kwenye lifti. Lakini alama haipanui behewa. Mkwe wangu, kwa mapenzi yake, alikuwa ametununulia kigari kizuri chenye paa na kikapu chini, na siku ya kwanza tulikipeleka stesheni ya Shinjuku saa mbili asubuhi. Sitakwenda tena stesheni ile saa hiyo hata nikiwa mikono mitupu. Lifti zipo, ila mara nyingi ziko mwisho kabisa wa jukwaa, na ukishashuka nayo unajikuta umetokea mlango ambao si wako, ng'ambo ya barabara usiyoitaka. Halafu unapanga foleni ya lifti nyingine pamoja na wazee wenye mikongojo na wasafiri wenye masanduku. Safari ambayo asiye na kigari angeimaliza kwa dakika 5 ilituchukua 25. Huko kwenye mahekalu ndiko kubaya zaidi, maana njia zimemwagwa changarawe nene na milango imeinuliwa vizingiti, na ngazi za mawe za Kyoto hazikuchongwa kwa ajili ya magurudumu.

Siku ya pili kigari kilibaki nyumbani kwa mkwe, nasi tukarudi kwenye kanga. Nilikwenda nazo sita, na hicho ndicho kitu pekee nilichokipakia kwa busara. Mtoto aliyefungwa mgongoni anapita kwenye ngazi, changarawe na msongamano bila kumwomba mtu radhi. Anapata joto la mwili, haoni miguu ya watu bali nyuso zao, na akichoka analala pale pale. Ndani ya treni iliyojaa nilikuwa nikimhamishia kifuani ili asigandamizwe.

Pale Nara, karibu na bustani ambamo paa wanatembea huru katikati ya watu, bibi mmoja aliyepinda mgongo alisimama akanitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, akasema, "Onbu. Onbu." Kisha akaligusa fundo la kanga kifuani mwangu kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Mkwe wangu alieleza kwamba onbu ni kubeba mtoto mgongoni, kwamba zamani kila nyumba ilikuwa na ukanda wa kazi hiyo uitwao onbuhimo, na kwamba bibi huyu akiwa msichana aliwabeba hivyo wadogo zake wanne, akicheza nao mgongoni. Alitaka pia kujua maandishi ya kwenye kanga yanasema nini. Yalisema "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", na mkwe wangu alitoa jasho kulitafsiri, huku paa mmoja akiutafuna upindo wa nyuma wa kanga hiyo hiyo bila sisi kujua. Paa wa Nara hula karatasi, ramani, na ikibidi nguo. Mwenye mtoto mgongoni na ajihadhari na yaliyo nyuma yake.

Nitaeleza kwa kirefu kidogo habari za vyoo na vyumba vya kunyonyeshea, kwa kuwa ndizo zilizonifanya nikae chini kuandika. Katika maduka makubwa ya ghorofa, ghorofa inayouza vitu vya watoto huwa na chumba cha kunyonyeshea kiitwacho junyushitsu. Ndani kuna vijumba vidogo vyenye pazia na kiti, meza za kubadilishia nepi zenye godoro jembamba, bomba la maji ya moto ya kukorogea maziwa ya unga, na mara nyingi mizani ya kupimia watoto. Mizani hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nimepima watoto miaka 31 kwa mizani ya kuning'iniza, na pale nikaona mizani safi, ya bure, isiyo na foleni. Binti yangu akinyonyesha, mimi nasubiri. Akimaliza tu, namvua mtoto nampima. Tuliondoka Tokyo akiwa na kilo 8.2, tukarudi Tokyo akiwa na kilo 8.4, na sidhani kama kuna mtoto mwingine aliyepimwa mara nyingi kiasi hicho katika safari ya matembezi. Akina baba wanaruhusiwa kwenye meza za nepi na bomba la maji, lakini huishia kwenye pazia.

Hata choo cha kawaida cha stesheni kimemfikiria mama aliye peke yake. Kwenye kona ya chumba cha choo kuna kiti kidogo cha plastiki kilichofungwa ukutani, chenye mkanda, ambacho mtoto anakalishwa akimtazama mama yake wakati mama anajisaidia. Mama yeyote aliyewahi kuingia choo cha stendi na mtoto mkononi, akajaribu kushikilia mlango usio na komeo kwa mguu mmoja, ataelewa kwa nini nilipokiona mara ya kwanza nilitoka nje kumwita binti yangu aje akione naye.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni takataka. Baada ya shambulio la gesi ya sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwezi Machi 1995, mapipa mengi ya taka yaliondolewa kwenye maeneo ya umma, na watu wakazoea kurudi na taka zao nyumbani. Nepi ni taka. Vyumba vingine vya kunyonyeshea vina pipa lake, vingine vimebandika tangazo la kuomba kila mtu aondoke na ya kwake. Siku tuliyotembea kutoka mtaa wa Asakusa hadi bustani ya wanyama ya Ueno, humo humo Tokyo, nilikuwa na nepi nne zilizotumika ndani ya mkoba wangu mzuri wa Idi. Ndiyo maana nasema mifuko ya plastiki inayofungika vizuri ni muhimu kuliko kamera.

Kuhusu kilio, msomaji yule ana hofu ambayo hata mimi nilikuwa nayo. Katika shinkansen ya kwenda Kyoto, safari ya saa 2 na robo hivi, mtoto alianza kulia tulipoondoka mji wa Nagoya ulio njiani. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyeguna. Binti yangu alitoka naye kwenye kile kibaraza kilicho kati ya mabehewa, ambako akina mama wenzake wa huko husimama, na kondakta alipopita akamwonyesha chumba kidogo cha matumizi mengi kilicho katika behewa la 11, ambacho mama anayenyonyesha anaweza kukiomba ikiwa hakina mgonjwa au mwenye ulemavu anayekihitaji. Alinyonyesha humo hadi tukakaribia kufika. Huko si kuwachukia watoto, Ndugu Mhariri. Lakini nikiri kwamba ukimya ule uliniumiza zaidi kuliko ambavyo kelele zingeniumiza. Kwetu, mtoto akilia kwenye basi la Tanga hadi Dar es Salaam, kabla ya kufika Segera ameshapita mapajani mwa watu watano, mmoja amempa maji, mwingine amemsema mama kwamba kamvalisha nguo nyepesi. Kule kila kitu kimeandaliwa kwa ajili ya mtoto, isipokuwa mikono ya watu. Hakuna atakayekupokea mtoto, kwa sababu kumgusa mtoto wa mwenzio bila kuombwa ni kukosa adabu, na kumwomba mgeni akushikie ni kumtwisha mzigo. Nilipoambiwa kwamba mwaka 2024 walizaliwa Japani watoto wa Kijapani wapatao 686,000 tu, mara ya kwanza hesabu hiyo kushuka chini ya laki saba, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 120, nilielewa angalau kwamba vijana wengi waliokaa karibu nasi huenda hawajawahi kupakata mtoto hata siku moja.

Na hata hivyo kuna mzee mmoja aliyetukalia mkabala kwenye treni ya polepole ya milimani, mwenye suti na kofia, aliyetazama dirishani vituo vitatu vizima. Ghafla akaufunika uso wake kwa kofia na kusema kwa sauti ya chini, "Inai inai...", kisha akaiondoa: "Baa!" Mjukuu wangu alicheka hadi akapata kwikwi. Yule mzee akarudia mara tisa, nilihesabu, kisha akashuka kituoni kwake bila kuaga.

Chakula hakikutusumbua kama tulivyodhani. Wajapani humwanzishia mtoto uji wa mchele uitwao okayu, mwepesi, usio na chumvi, ambao mama yeyote wa kwetu angeupika akiwa amefumba macho. Madukani vipo vyakula vya watoto katika pakiti laini vilivyoandikwa umri kwa tarakimu, miezi 5, miezi 7, miezi 9, na havihitaji jiko wala friji. Ila sisi ni Waislamu, na pakiti yenye picha ya karoti inayotabasamu inaweza kuwa na nyama ya nguruwe ndani yake. Mkwe wangu alitufundisha kuitambua herufi moja tu, ile ya nguruwe, akatuandikia kwenye kadi ambayo nilitembea nayo dukani nikilinganisha kama karani wa benki. Jambo jingine ambalo, kwa kazi yangu, silipiti kimya: pakiti za asali kule zimeandikwa onyo kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asipewe. Mwaka 2017 mtoto wa miezi 6 alifariki Tokyo kwa sumu ya bakteria iliyotokana na asali. Wapo bibi wenzangu wa pwani ambao bado humlambisha kichanga asali kama dawa ya kikohozi, na nimewagombeza sana.

Mji wa milimani ndio tulioufurahia kuliko yote. Nyumba ya wageni ya kienyeji, ryokan, haina vitanda. Sakafu yote ni mikeka ya tatami, na jioni mhudumu huja kutandika magodoro mepesi chini. Mtoto anayejifunza kutambaa hana pa kuanguka. Mkwe wangu alituambia kwamba wazazi wakilala na mtoto katikati, Wajapani husema wamelala kama herufi yao ya mto wa maji, ambayo ni mistari mitatu iliyosimama, wa katikati ukiwa mfupi. Sisi tulikuwa wanne, na mimi nilikuwa mstari wa ziada ambao herufi haina. Kwenye mabwawa ya maji moto ya watu wote, sehemu nyingi mtoto anayevaa nepi haruhusiwi, na hilo ni haki yao. Lakini tulikodi bwawa dogo la familia kwa dakika 50, tukaongeza maji ya baridi, na mjukuu wangu akapiga maji kwa viganja mpaka muda ukaisha.

Masanduku hatukuhangaika nayo, kwa sababu yapo makampuni yanayoyachukua hotelini leo na kuyafikisha hoteli nyingine kesho. Huduma hiyo inaitwa takkyubin. Kila sanduku lilitugharimu yeni elfu mbili na kitu. Kwa mwenye mtoto mgongoni, sijaona fedha iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Wiki ya mwisho mtoto alipata homa, nyuzi 38.9. Mkwe wangu alipiga simu namba #8000, ambayo ni ya ushauri kwa wazazi wenye watoto wagonjwa usiku, akaulizwa kama mtoto ananyonya, anakojoa na anamtambua mama yake, kisha akashauriwa tusubiri asubuhi. Ni maswali yale yale ambayo ningeuliza mimi. Asubuhi mkwe alikuwa na mtihani. Zahanati ya kwanza ilitukataa kwa kuwa hatukuwa na mkalimani, nasi tukasimama nje ya mlango wake na mtoto wa moto mgongoni, na sitasema kwamba sikukasirika. Ya pili ilikubali tuongee kwa simu ya mkwe. Daktari aliomba kijitabu cha mama na mtoto, ambacho kila mjamzito wa Japani hupewa na ambacho kimekuwapo tangu 1948. Mpango huo wamewahi kuusaidia hata kwa jirani zetu wa Kenya. Binti yangu akatoa kadi yake ya kliniki ya Tanga. Daktari hakujua hata neno moja lililoandikwa mle, lakini aliweka kidole kwenye mchoro wa uzito, akaufuata mstari mwezi hadi mwezi mpaka kwenye alama ya mwisho, akahesabu tarehe za chanjo, akainua uso na kutikisa kichwa kwa kukubali. Ilikuwa mafua tu. Tulilipa gharama yote taslimu, kwa kuwa bima ya taifa ni ya wakazi. Anayekwenda akate bima ya safari, na kadi ya kliniki asiiache kabatini.

Kwa hiyo wale wazazi walioshauriwa wamwache mtoto kwa bibi, nawaomba wamchukue na bibi pia, kama viungo vyake vinaruhusu na nauli inapatikana. Kama haipatikani, basi wachukue kanga mbili nzito, wapange sehemu moja ya kwenda kwa siku badala ya tatu, na wasipande treni kabla ya saa nne asubuhi. Kigari wasinunue. Kile cha kwetu bado kiko Tokyo, na nasikia mkwe wangu anakitumia kuletea mchele kutoka dukani.

Bibi na mkunga mstaafu,
Tanga